Mkwe Darajani

Msomaji, wiki nzima umemwacha binti wa watu katikati ya daraja, mwavuli mkononi, mkwewe anakuja mbele yake, na wewe ukaenda zako kulala! Haya, turudi mtoni.

Kwa aliyechelewa: Atupele ni msanifu wa mandhari, binti wa Kisiba, aliyepewa kazi ya kuzipanga upya njia za Chuo cha Lusekelo hapa Tukuyu ili wanaotembea kwa miguu wapite bila kukimbizwa na magari. Kando ya mto Lusalala, pale bodaboda walipokuwa wakioshea pikipiki, ameotesha nyasi na kuweka viti. Juu ya mto, pale pikipiki zilipokuwa zikivuka, ameweka daraja la mbao la waenda kwa miguu tu, na magogo ya kuzuia pikipiki pande zote mbili. Leo ni siku ya majaribio, na alasiri bodi ya chuo inakaa kuamua kama kazi iendelee au ifutwe.

Mwenyekiti wa bodi hiyo, Mzee Ambindwile, ndiye baba mzazi wa Alinanuswe, mchumba wake Atupele. Ng'ombe wa mahari walishafika Kisiba. Tangu siku hiyo, kwa desturi ya Wanyakyusa wa zamani, mwanamke hamtazami baba mkwe usoni, hasemi naye, hatamki jina lake, na wakikutana njiani mwanamke anaiacha njia na kujibanza migombani mpaka mzee apite. Vijana wengi wameiacha desturi hiyo. Nyumba ya Mzee Ambindwile haijaiacha.

Sasa migomba iko wapi katikati ya daraja?

Atupele alitazama kulia: ukingo wa mbao unaomfika kifuani. Akatazama kushoto: ukingo. Chini maji yanapiga kelele. Kingo zile alizichora mwenyewe, tena kwa maringo, asije mtoto wa mtu akatumbukia.

Hatua za mzee zikazidi kusogea. Ko, ko, ko, juu ya mbao.

Atupele akachuchumaa na kujifunika mwavuli mzima mzima. Ukimwona ungesema kuna uyoga wa njano umeota darajani.

Hatua zikasimama.

Mwavuli ule Mzee Ambindwile aliujua vizuri. Mkewe ndiye aliyeununua sokoni na kuupeleka Kisiba kama zawadi ya mkwe. Mzee akakohoa mara moja, kikohozi cha adabu, cha kumwambia mtu kwamba nimekuona na sijakuona. Kisha akageuka na kurudi alikotoka.

Alipofika ukingo wa mto akakanyaga tope, akateleza, akaacha kiatu kimoja kwenye matope, na akaendelea na safari akiwa na soksi, kichwa juu, kama hakuna kilichotokea.

Atupele nyuma ya mwavuli akashusha pumzi. Amepona! Hakujua kwamba balaa ndiyo kwanza inaanza.

Maana ukingoni walikuwapo bodaboda waliojaa tele, na kutoka pale walipokuwa wamesimama, kwa zile kingo ndefu za daraja, hawakuuona mwavuli wala aliyejificha nyuma yake. Walichokiona ni kimoja tu: mwenyekiti wa bodi kaingia darajani, kafika katikati, kageuza.

"Oyaaa!" Muddy, kiongozi wa kijiwe cha geti la chini, alirusha kofia juu. "Mwenyekiti kaligomea daraja! Limepigwa chini, wanangu! Barabara yetu inarudi!"

Honi zikalia Tukuyu nzima ikasikia.

*

"Shoga, wameshakuzika na matanga wamemaliza," alisema Samira.

Samira anauza chai na maandazi kwenye kibanda nje ya geti, na kila linalosemwa mjini linapita kwanza kwenye birika lake. Atupele alikaa kwenye benchi, gauni limelowa, mwavuli umefungwa miguuni.

"Wanasema mzee amekasirika mpaka akatupa kiatu," Samira aliendelea.

"Hakutupa! Kilinasa kwenye tope."

"Mimi utaniambia, nitaamini. Wao je?"

"Amerudi kwa sababu yangu, Samira. Amenipisha. Yeye mzee mzima, mwenye cheo chake, amenipisha mimi."

"Basi nenda ukaseme hivyo kwenye kikao."

Atupele alimtazama rafiki yake kama mtu anayetazama ukuta.

"Nitasemaje? Kikao anakiongoza yeye. Siwezi kuingia chumba alichomo. Na nikisimulia kisa, jina lake nitalitajaje?"

"Haki ya Mungu, ninyi Wanyakyusa mna kazi." Samira alimmiminia chai nyingine. "Sisi kwetu baba mkwe anakuja, namwamkia, namkaribisha chai, akichelewa kuondoka namkumbusha swala. Imekwisha!"

Atupele alicheka, lakini moyoni alikuwa analia. Mwaka jana mdogo wake Ikupa, mwanafunzi wa chuo hicho hicho, aligongwa na lori la ndizi kwenye barabara ya ndani, akitoka darasani tu, vitabu kifuani. Mguu uliunga vibaya. Mpaka leo Ikupa anachechemea, na barabara ni ile ile. Bodi ikilikataa daraja, magari yanarudi, na Atupele hatakuwa na la kumwambia mdogo wake.

Simu ikalia. Alikuwa Nelson, injinia wa chuo, mtu ambaye tangu mwanzo alitaka pale mtoni pawekwe maegesho ya magari ya wageni.

"Dada Atupele, pole sana," alisema kwa sauti ya msiba. "Nimesikia mwenyekiti kaligeuzia daraja mgongo. Sasa kikao kinaanza, na kwa hali yako ya uchumba naona hutaweza kuingia. Usijali. Nitakuwakilisha mimi."

"Utasema nini, injinia?"

"Nitasema lililopo. Nimeshawaambia mafundi waanze kulifungua daraja, mbao zisiharibikie kwenye mvua. Tutazitumia kwenye uzio wa maegesho."

Atupele alisimama, chai ikamwagika.

"Wafungue nani kakuruhusu? Bodi haijaamua!"

"Mwenyekiti ameamua kwa miguu yake," alisema Nelson, na simu ikakatika.

*

Atupele alipanda ngazi za jengo la utawala mbili mbili, Samira nyuma yake akiwa na aproni na mwiko aliosahau kuuacha. Njiani simu ikaita tena. Safari hii ni Alinanuswe, na sauti yake peke yake ilitosha kumrudishia damu usoni.

"Mpenzi, nimeomba ruhusa kazini, nimeshashuka stendi ya Tukuyu. Nakuja kukusemea. Baba nitaongea naye mimi, mwanawe."

"Ali, umeniokoa! Fanya haraka."

"Niko kijiweni hapa, nachukua boda. Huyu jamaa anasema njia ya mtoni imefunguliwa, tunakata..."

"Usipite mtoni! Pitia geti kuu! Ali? Ali!"

Mtandao ulikuwa umekwenda zake, kama kawaida ya mtandao wa Tukuyu mvua ikinyesha. Atupele akapiga tena, kimya. Akajipa moyo. Njia ya mtoni ina magogo pande zote mbili, pikipiki haipiti. Atazunguka tu, atachelewa kidogo.

Ukumbi wa mikutano uko ghorofani, madirisha yake yanatazama mto. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Sauti ya Nelson ilisikika ndani, tamu na imenyooka.

"...kwa hiyo waheshimiwa wajumbe, heshima ya chuo ni mgeni kushuka kwenye gari lake mlangoni. Hatuwezi kumtembeza mkuu wa wilaya kwenye nyasi. Na mwenyekiti wetu mwenyewe leo asubuhi ametuonyesha msimamo. Mwenye mchoro hayupo kuutetea. Naomba ufutwe."

Wajumbe wakaguna. Mama mmoja akauliza, "Kwani binti yuko wapi?"

Atupele alijibana ukutani nje ya mlango, akamsukuma Samira kwa kiwiko.

"Sema nipo."

"Yupo!" Samira alitokeza kichwa na mwiko. "Shikamooni wazee wangu. Msanifu yupo hapa nje. Anasema hayo mliyoambiwa si kweli."

"Huyu ni nani?" Nelson aliruka. "Kikao cha bodi si mahali pa wauza maandazi!"

"Maandazi yangu ndiyo uliyokula asubuhi, injinia. Matatu."

Wajumbe walicheka mpaka meza ikatikisika. Nelson alikaa. Kisha akasimama tena, maana alikuwa na karata moja iliyobaki.

"Sawa. Lakini taratibu zetu zinasema mtaalamu anautetea mchoro mwenyewe, ndani ya kikao, mbele ya mwenyekiti. Hazisemi mlangoni. Hazisemi kwa kinywa cha jirani. Aingie, au tufute."

Wajumbe wote walikuwa wenyeji, wote walijua anachokiomba.

Atupele alifumba macho. Akiingia, atakuwa amemdharau baba wa mchumba wake mbele ya watu wazima, na Alinanuswe atalibeba neno hilo maisha. Asipoingia, Ikupa ataendelea kuvuka ile barabara akichechemea. Akashika kitasa.

Ndipo aliposikia sauti ya kitu kizito kinaburuzwa sakafuni. Krrrr!

"Nini hicho?" alimnong'oneza Samira.

Samira alichungulia. Alipogeuka, mdomo ulikuwa wazi.

"Shoga... mzee amegeuza kiti."

"Amegeuza vipi?"

"Amewapa wote mgongo. Anatazama dirishani. Anasema kikao kiendelee."

Naam! Mwenyekiti wa bodi, mwenye suti na soksi ya matope, alikuwa amekigeuza kiti chake cha enzi na kukaa akitazama mto, kisogo kwa wajumbe wake. Na kutoka kwenye kisogo hicho sauti ikatoka, Kiswahili cha mtu aliyezaliwa na Kinyakyusa.

"Mimi sina macho huku nyuma. Mtaalamu aingie. Aseme na wajumbe. Mimi masikio yangu yapo."

Atupele aliingia, akainama kidogo kuelekea ule mgongo, kisha akasimama mbele ya wajumbe. Sauti ilianza ikitetemeka. Lakini mwenye kazi yake ukimwacha aizungumzie, hofu huwa haikai.

Akawaeleza jinsi barabara ya ndani ilivyo sasa, gari linapita katikati ya darasa na bweni. Akawaeleza kwamba magari yatazunguka nje, kwamba ndani patakuwa na njia ya mawe meusi ya hapa hapa Rungwe, yasiyoteleza, na mfereji pembeni, maana Tukuyu mvua haiombi hodi. Akawaeleza kona aliyoiweka ng'ambo ya mto, ndani ya migomba, ili mtu anayekuja asione daraja mpaka alifikie, na mto umtokee ghafla, moyo ufurahi.

"Nzuri," alisema yule mama. Wengine wakatikisa vichwa.

"Mwulizeni," sauti ya dirishani ikasema, "vile vijia vya migombani, vya kushukia mtoni, nani alivifunga?"

Atupele alihisi masikio yanamchoma. Akamgeukia Samira.

"Mwambie ni mimi. Nilitaka watu wote wapite njia moja, nzuri. Nikapanda ua kwenye vijia vyote."

"Anasema ni yeye," alisema Samira kwa utii, ingawa mzee alikuwa ameshasikia.

"Mwulizeni tena. Kina mama wa ng'ambo wanapita pale kila siku kwenda sokoni na ndizi. Baba wakwe zao nao wanapita. Njia moja, daraja moja, kingo mpaka kifuani. Wakikutana, nkamwana atakwenda wapi?"

Nkamwana ni mke wa mwana. Atupele hakuhitaji kutafsiriwa. Alikuwa ameketi mezani miezi kadhaa, akahesabu magari, baiskeli, wanafunzi na hata mbwa, na katika yote hayo, yeye binti wa Kisiba, alichora njia ya Rungwe kana kwamba hakuna mwanamke wa Rungwe mwenye mkwe.

"Mwambie nimekosea," alisema, safari hii bila kutetemeka. "Vijia navifungua. Na katikati ya daraja nitatoa kibaraza pembeni, chenye kiti kinachotazama maji. Mwenye mkwe ataingia pale, atageuka, atangoja. Asiye na mkwe atakaa apunge upepo."

"Anasema amekosea, na atajenga kibaraza," alisema Samira, akapangusa jicho kwa aproni.

Mgongo ukatikisika. Wajumbe walitazamana. Mzee Ambindwile alikuwa anacheka!

"Ndaga fijo," alisema. Akashukuru hivyo, kwa lugha ya nyumbani kwake. "Basi nami niseme langu. Daraja sikulikataa. Leo asubuhi nilimpisha aliyekuwa juu yake. Mtu akitoa heshima, mnasema amegoma? Kiatu changu kimebaki kwenye tope kwa ajili ya heshima."

Ukumbi ukalipuka. Vicheko, makofi, mama yule akapiga kigelegele. Atupele alimkumbatia Samira na mwiko wake. Kura zilikuwa zinahesabika kabla hazijapigwa.

Mtu mmoja tu hakucheka. Nelson alikuwa amekaa, jasho linamtoka wakati mvua inanyesha.

"Injinia," mzee alisema taratibu, bado anatazama nje, "hebu nieleze. Kwa nini katikati ya daraja kuna pengo?"

Kicheko kilikatika.

"Mwenyekiti... nilidhani... nilivyoona umegeuka, nikawaambia mafundi waanze kufungua mbao. Za katikati."

"Na magogo ya ng'ambo? Mbona siyaoni?"

"Hayo sikuyatoa mimi! Labda bodaboda, walisema njia yao imerudi..."

Atupele alisimama pale pale. Njia imefunguliwa, jamaa wa kijiweni alisema. Akatoa simu, akapiga. Iliita, ikaita. Aliyepakiwa kwenye boda, mvua usoni, simu iko mfuko wa ndani.

"Mafundi si wapo pale?" aliuliza mjumbe mmoja. "Watamzuia anayekuja."

"Hawapo," alisema Samira, rangi imemtoka. "Tulipokuwa tunatoka, mvua iliwakimbiza wote kibandani kwangu. Niliwaacha wanakunywa chai."

Dirishani mzee alikuwa amesimama, viganja kwenye kioo. Ng'ambo ya mto, juu ya majani ya migomba, taa za pikipiki zilikuwa zinashuka mteremko zikifuatana, honi zinashangilia. Mbele kabisa alikuwa Muddy, kofia nyekundu. Nyuma yake amepakia kijana mwenye shati jeupe, ameshika begi kichwani kukinga mvua.

Na mbele yao ilikuwapo ile kona. Kona nzuri, ya kumfanya mtu asilione daraja mpaka awe ameshalifikia.

Baba humjua mwanawe hata kwa mbali, hata kwenye mvua.

Mzee Ambindwile aligeuka. Aligeuka mwili mzima, mbele ya wajumbe wote, akamtazama mkwewe usoni, macho kwa macho.

"Atupele," akasema, kwa jina lake, kwa kinywa chake. "Mwanangu. Una miguu kuliko sisi wote humu. Kimbia!"

Atupele alikuwa ameshavua viatu. Alishuka ngazi bila kuzihesabu, akatoka mlango wa nyuma, akaishika njia aliyoichora mwenyewe, ile iliyonyooka kutoka ukumbini mpaka mtoni, isiyo na gari wala pikipiki ya kumzuia, mwavuli wa njano ameufungua na kuupunga juu ya kichwa, analiita jina la Alinanuswe kwa sauti yote aliyojaliwa.

Akakanyaga ubao wa kwanza wa daraja. Na kule ng'ambo, nyuma ya migomba, honi ya Muddy ikalia kwenye kona.